Bahari ya Katubuka

"Nataka bahari," alisema Bi. Tunu,
"saizi ya kabati. Isivuje."
Mimi nimefunga vyoo nusu ya Mwanga,
masinki ya gesti, koki za msikiti wa Gungu.
Bahari sijawahi. Nikauliza kifundi:
inaingilia wapi, inatokea wapi?

Ziwa liko pale, chini ya mteremko;
ukifungua dirisha linakutazama,
refu, la baridi, la bure.
Majirani wakashika mbavu: nesi huyu
anakoroga chumvi ndani, na nje ana Tanganyika nzima!
Bukuru, kijana wangu wa kushika tochi,
naye akacheka. Nikampa msumeno.

Kutoboa kioo si kutoboa ukuta.
Unakwenda polepole, maji yakidondokea keekee,
pumzi umeibana,
kioo kinalalamika
kama meno ya mtu usingizini.
Kipande kikatoka duara, kama shilingi.
Bukuru akakitia mfukoni.

Kisha mabomba. Maji yashuke kwa uzito wao
mpaka tangi la chini, yapite kwenye sponji,
pampu iyapandishe tena. Basi.
Bahari nzima, nikamwambia Bukuru,
ni mzunguko tu, na mtu wa kulipa luku.
Gundi ya bomba haina samahani:
elbo moja niliipachika upogo,
nikaikata, nikaanza upya.
Mama aliona. Akaenda kutia maji birikani.

Mzee Ntahondi akavuka uchochoro
na kiroba cha chumvi ya Uvinza begani.
"Chumvi ni chumvi."
Hapana, mzee. Hiyo ya ugali na ng'onda.
Samaki aliye hai anataka na vingine
ambavyo hata mimi sijui majina yake.
Yetu ilitoka Dar kwa treni, kwenye ndoo nyeupe,
behewa moja na viatu vya mitumba.
Uvinza, usinune:
ilipita mlangoni kwako usiku, ikakupungia.

Usiku wa tatu umeme ukakatika.
Nikalala macho wazi nikiyahesabu maungio.
Pampu ikizimika, maji hukumbuka
njia yaliyopandia,
hurudi yote, kimya kimya, mpaka kwenye zulia.
Lile tundu dogo, upana wa njiti ya kiberiti,
chini kidogo ya uso wa maji,
la bomba kuvutia hewa likakata tamaa,
nilitoboa?
Nilitoboa.
Nilitoboa kweli?

Alfajiri nikapiga hodi, ndala nimezisahau.
Sakafu kavu. Zulia kavu.
Tangi la chini limejaa hadi shingoni,
tone moja halijaruka ukingo.
Bi. Tunu anakunywa chai, sare ya zamu bado mwilini.
"Umekuja kudai?"
"Nimekuja kuyajulia hali maji."

Watoto wa mtaa wakapanga foleni dirishani.
Samaki yuko wapi? Samaki yuko wapi?
Bado. Kwanza wahamie wapangaji wasioonekana,
wale wa kula uchafu kabla ya mwenye nyumba kuja.
Tukatumbukiza dagaa mmoja wa Kibirizi, aoze.
Wiki ya kwanza maji yakawa kama ya kuoshea mchele.
Wiki ya nne yakang'aa.
Dagaa wa ziwa, hajaionja bahari maishani mwake,
ndiye aliyeizindua.

Jana tukapima. Kipimo kikaelea,
kikasimama palepale panapotakiwa.
Bi. Tunu hakukitazama.
Alichovya kidole, akaonja, akafumba macho
muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji.
"Bado kidogo," akasema.
Sikumuuliza kidogo cha kufikia wapi;
fundi huulizwa, hauulizi.
Nikaifunua ndoo,
nikamwachia kijiko.